Mjadala: Roketi ikilipuka, irushwe tena baada ya wiki chache au ikae chini mpaka chanzo kijulikane?

Mleta mada

Wakuu, kila Starship, roketi kubwa ya kampuni ya SpaceX, inaporushwa tunagawanyika palepale. Wapo wanaosema imelipuka, kwa hiyo wameshindwa. Wapo wanaosema imelipuka, kwa hiyo wamejifunza. Kambi zote mbili zinaangalia siku ya kurusha tu. Mimi naomba tuzungumzie miezi iliyo katikati, roketi moja ikishazama baharini na nyingine bado iko karakana, maana huko ndiko kazi yenyewe inakofanyika.

Swali ni hili: kampuni iruhusiwe kurusha mfululizo roketi ambayo bado ina hitilafu, kwa kutegemea safari yenyewe iibue kasoro? Msimamo wangu nautoa mapema. Iruhusiwe, kwa sharti moja: kasoro inayoweza kuonekana ardhini isiachwe ikaonekane juu ya vichwa vya watu.

Safari ya kwanza ilikuwa tarehe 20 Aprili 2023, Starbase, kituo cha kampuni hiyo huko Texas, Marekani. Roketi ya mita zipatazo 120, yenye injini 33 chini yake, iliwashwa juu ya zege tupu. Hapakuwa na mfereji wa kuupeleka moto pembeni wala mfumo wa kumwaga maji. Zege likachimbuka, mabonge yakarushwa mpaka baharini, vumbi likaangukia mji wa Port Isabel. Injini tatu hazikufanya kazi tangu mwanzo, nyingine zikazimika njiani, na roketi ikapoteza mwelekeo. Mfumo wa kuiangamiza ukawashwa, lakini ilichukua takriban sekunde 40 kabla roketi haijasambaratika.

Hizo sekunde 40 zilinitisha kuliko zege. Baruti za kuangamiza roketi iliyopotea ndiyo kinga ya mwisho waliyonayo watu walioko chini. Na kwamba moto wa injini 33 unachimba zege ni jambo ambalo halikuhitaji safari ili lijulikane.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitaka marekebisho 63. Miezi saba baadaye, katika safari ya pili ya tarehe 18 Novemba 2023, chini ya roketi kulikuwa na sahani ya chuma inayofoka maji kwenda juu, usukani wa injini ulikuwa wa umeme badala ya mafuta ya haidroliki, na injini za chombo cha juu ziliwashwa kabla hakijaachana na busta, yaani sehemu ya chini inayoisukuma roketi mwanzoni mwa safari. Injini zote 33 zikawaka mpaka mwisho wa kazi yao. Kiwanja kikabaki kizima. Hapo nilisema kweli, watu hawa wanasikiliza roketi yao inavyosema.

Lakini tazama kilichofuata. Busta ililipuka baada ya kuachana na chombo, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba huenda vichujio vya oksijeni ya majimaji viliziba, pampu za injini zikakosa msukumo. Safari ya tatu, Machi 2024, vichujio vikaziba tena na busta ikapotea mita 462 tu juu ya maji. Ni mpaka safari ya nne, 6 Juni 2024, baada ya kuongezwa vifaa ndani ya tangi la oksijeni, ndipo busta iliposhuka taratibu juu ya Ghuba ya Mexico.

Safari hiyo ya nne nimeirudia mara nyingi. Kamera iliyoelekezwa kwenye bawa la kuongozea ilionyesha bawa likianza kutafunwa na joto kwenye bawaba yake. Chuma kikaanza kuchanika vipandevipande, kioo cha kamera kikapasuka na kupakwa masizi. Nilidhani limekwisha. Kisha, kupitia kipande kidogo cha kioo kilichobaki wazi, ukaliona bawa lenyewe, nusu limeliwa, bado linatii na kujigeuza. Chombo kikatua juu ya Bahari ya Hindi. Baada ya hapo mafundi walitumia zaidi ya saa 12,000 kuifumua na kuipanga upya ngao ya joto: vigae vipya, na tabaka la akiba chini yake. Kwangu mimi saa hizo 12,000 ndizo roketi. Mlipuko au makofi ya siku ya kurusha ni taarifa tu.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri ila umeishia mahali pazuri kwako. Endelea mpaka Januari 2025. Safari ya saba ilipokatika, vipande vilishuka vikiwaka juu ya visiwa vya Turks na Caicos, na mabaki yakaokotwa huko. Ndege zikageuzwa njia. Machi, safari ya nane, yakatokea yaleyale, safari hii watu wa Bahamas na Florida wakaona anga inawaka, na ndege zipatazo 240 zikavurugiwa ratiba. Abiria aliyeko angani hakuomba kuwa sehemu ya majaribio ya mtu.

Na usituambie hakuna njia nyingine. Saturn V, roketi ya Wamarekani ya kwenda Mwezini, iliruka mara mbili tu bila watu, Novemba 1967 na Aprili 1968, na ya tatu ikabeba watu kwenda kuuzunguka Mwezi. New Glenn, roketi ya kampuni ya Blue Origin, ilikaa miaka mingi ardhini, watu wakaicheka, lakini Januari 2025 ikafika obiti katika safari yake ya kwanza kabisa. Safari ya pili, Novemba 2025, busta yake ikatua salama juu ya meli. Safari mbili tu! Utaratibu upo, ni uvumilivu unaokosekana.

Mchangiaji wa pili

Naomba nisaidie hapo kwenye Saturn V, kwa sababu mfano huo unavuta upande wa pili.

Ile safari ya Aprili 1968, Apollo 6, nusura iwe janga. Hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini ya roketi, ilitikisika kwa mtindo wa kubanana na kuachia, kama chemchemi. Hatua ya pili ikazima injini moja, na kwa sababu nyaya zilikuwa zimebadilishana, amri ya kuifunga injini hiyo ikafunga injini nyingine isiyo na tatizo. Hatua ya tatu ikagoma kuwaka mara ya pili. Walipotafuta chanzo wakakuta bomba jembamba la kupeleka mafuta kwenye kiwashio, lenye sehemu ya kunyumbulika yenye mikunjo. Ardhini bomba hilo lilipimwa likafaulu kila mara. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa baridi mno, hewa iliyolizunguka ikaganda juu yake, na ule mgando ukawa unatuliza mtetemo. Kule juu hakuna hewa ya kuganda. Bomba likatetemeka uchi mpaka likakatika.

Tafakari hapo. Jaribio la ardhini lenyewe ndilo lililoficha kasoro.

Mimi kazi yangu ni pampu, za kawaida tu. Nimewahi kufunga pampu iliyopimwa kiwandani ikaonekana safi kabisa, tukaiweka kwenye fremu yake ya kudumu, ikaanza kulia na kulegeza boliti ndani ya siku mbili. Pampu haikuwa mbovu. Fremu ilikuwa na mtetemo wake wa asili, na mzunguko wa pampu ukaangukia palepale. Nilipoweka kiganja kwenye bomba la kutolea nilihisi vidole vinakufa ganzi. Tuliongeza mhimili mmoja wa chuma, kelele ikakata. Kwa hiyo nilipoona maelezo ya safari ya saba, kwamba mtetemo angani ulikuwa na nguvu mara kadhaa kuliko ulivyopimwa ardhini, ukazidisha mkazo kwenye mabomba, mafuta yakavuja na moto ukawaka nyuma ya matangi, sikushangaa hata kidogo. Huwezi kuifunga roketi kwenye nguzo ukapata mtetemo wa roketi iliyo huru.

Mchangiaji wa tatu

Kwa ufupi: pesa ni zao, chuma ni chao. Waacheni.

Mleta mada

Nianze na wa tatu. Pesa si zao peke yao. NASA iliwapa mkataba wa dola bilioni 2.9 mwaka 2021 wa kutengeneza chombo cha kuwashusha watu Mwezini kutokana na Starship hii hii. Na anga wanayopita si yao kabisa.

Mkuu wa pampu, nakushukuru sana. Mfano wa bomba la Apollo 6 sikuwa nao kichwani wakati naandika, na unanisaidia kusema ninachotaka kusema kwa usahihi zaidi. Zipo kasoro ambazo ardhi haiwezi kuzionyesha. Hizo tuziruhusu angani, hakuna namna. Lakini angalia walichofanya wale wa 1968 baada ya hapo: waliliondoa bomba la mikunjo wakaweka lisilo na mikunjo, wakaweka gesi ya heliamu kwenye vali za hatua ya kwanza ili kuua ule mtikisiko, na Desemba mwaka huohuo wakapandisha watu watatu. Walijua kilichokatika, walijua kwa nini, na walijua dawa yake imefanya kazi.

Kinyume chake ni N1, roketi ya Wasovieti ya kwenda Mwezini. Injini 30 chini, safari nne kati ya 1969 na 1972, zote zikashindikana. Hatua ya kwanza nzima haikuwahi kuwashwa ardhini kabla ya kuruka. Injini nazo zilikuwa na vali za kutumika mara moja tu, kwa hiyo walipima chache kutoka kila fungu na kuzifunga nyingine bila kuwahi kuwaka. Hawa walikuwa wanarusha na kujifunza kwelikweli, lakini walikuwa wanajifunzia angani mambo ya ardhini.

Sasa, mchangiaji wa kwanza, hapa nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Kati ya safari ya saba na ya nane zilipita siku 49. Walifanya kazi ya maana: waliwasha chombo kikiwa kimefungwa kwa sekunde 60, wakabadilisha mabomba ya mafuta, wakaongeza matundu ya kutolea gesi na naitrojeni ya kuzuia moto. Lakini FAA iliruhusu safari ya nane huku uchunguzi wa ya saba ukiwa bado haujafungwa. Chombo kikapotea karibu wakati uleule wa safari, njia ileile, kwa chanzo kingine, hitilafu kwenye injini moja ya katikati. Wakitetea wanasema chanzo kilikuwa tofauti, kwa hiyo dawa ya kwanza ilifanya kazi. Kwa fundi hilo ni jibu. Kwa mtu aliyeko kisiwani, moto ni uleule.

Na tukio ambalo kwangu linabeba hoja yote ni lile ambalo halikuruka. Tarehe 18 Juni 2025 chombo cha safari ya kumi kililipuka kikiwa kwenye kituo cha majaribio, kabla hata injini hazijawashwa. Chupa ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa ilipasuka ikiwa chini ya kiwango ilichopimwa kustahimili. Kituo kiliharibika vibaya, lakini hakuna aliyeumia. Chupa ileile ingepasuka dakika ya nane ya safari, tungekuwa tunahesabu ndege tena. Wakapunguza shinikizo, wakaongeza ukaguzi wa kila chupa, na tarehe 26 Agosti safari ya kumi ikafika Bahari ya Hindi, ya kumi na moja nayo Oktoba 13.

Mchangiaji wa kwanza

Sawa, basi sema nani aamue kwamba kasoro fulani ingeonekana ardhini. Kampuni yenyewe? Maana baada ya tukio kila mtu anasema isingeonekana. Na Mei 2025 FAA walipandisha idadi ya safari kutoka 5 hadi 25 kwa mwaka.

Mleta mada

Swali zuri, na ndipo ninapotaka mjadala uelekee. Idadi ya 25 hainisumbui yenyewe. Kinachonisumbua ni kibali kutoka kabla ya maelezo. Kabla ya safari ya tisa eneo la tahadhari kwa ndege liliongezwa kutoka maili 885 za baharini hadi 1,600, na muda wa kurusha ukapangwa saa ambazo anga haina msongamano. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini ni kuhamisha watu wasiwe njiani, haliitengenezi roketi. Ningetaka uchunguzi ufungwe kwanza, na maelezo ya chanzo yasomwe na wahandisi wasiolipwa na kampuni, kila chombo cha juu kinapopotea juu ya maeneo yenye watu. Busta ikilipukia juu ya maji yaliyofungwa watu wasipite, warushe hata wiki ijayo.

Na tuliharakishe hili, kwa sababu mpango ni chombo cha juu kirudi na kudakwa na mnara kama busta ilivyodakwa mara ya kwanza Oktoba 2024. Busta inatoka baharini. Chombo kikirudi Starbase kutoka obiti kitakuja kutoka magharibi, juu ya ardhi ya Mexico, chini yake kuna miji. Mabaki ya safari ya saba yaliangukia maji mengi na visiwa vichache. Huko hakutakuwa na maji.