Fiziotherapia ya nyonga kwa mwanaume anayewahi kumaliza, inasaidia kweli?

Wakuu habari zenu. Nina miaka 34, nimeoa, na tangu ujana nawahi sana kufika, dakika haiishi nishamaliza. Mke wangu hasemi kitu ila naona ananyong'onyea, na mimi siku hizi nasubiri alale kwanza ndo niingie chumbani. Vumbi la Kongo, ile dawa ya mtaani ya nguvu za kiume, nishatumia, nikaambulia moyo kwenda mbio tu. Sasa jamaa yangu nesi kasema kuna mazoezi ya misuli ya nyonga, mi nikajua hayo ni ya akina mama waliojifungua. Kuna aliyefanya?

Fizio_Moro: Mkuu hiyo misuli hata sisi tunayo, imetandazwa kuanzia mfupa wa kinena mpaka kifandugu, na ndo inayojikaza kusukuma shahawa nje. Wengi hawajui hata ilipo, kwa hiyo hawawezi kuituliza. Mwaka 2014 madaktari wa Roma walitoa ripoti ya wanaume 40 wenye tatizo hili tangu mwanzo, baada ya wiki 12 za mazoezi pamoja na mashine za kusisimua na kupima misuli hiyo, 33 walipata uwezo wa kujizuia. Watu 40 ni wachache ndio, lakini si haba.

Lala chali, kunja magoti, bana kama unazuia ushuzi, tumbo na makalio yabaki yamelegea. Ukipatia utaona korodani zinapanda kidogo. Hesabu mpaka tano, achia mpaka kumi. Kuachia ni muhimu kuliko kubana, hapo ndo wengi wanakosea. Na usiwe unakatakata mkojo kila siku kama zoezi.

muuliza swali: Shukrani mkuu, nimejaribu sasa hivi, mbona nikibana nasikia maumivu chini ya korodani?

Fizio_Moro: Acha kubana kabisa. Inawezekana misuli yako imekaza muda wote, ukiongeza kubana unazidisha. Vuta pumzi mpaka tumboni, uache chini palegee, halafu nenda hospitali wakucheki na tezi dume, ukifika omba fizio wa nyonga.

Mama Nasra: Kaka yangu, mwambie mkeo. Mume wangu alinificha muda mrefu nikadhani hanitaki. Alivyosema tukaanza ile ya kusitisha tendo akikaribia kumaliza, tunatulia, tunaendelea, na mazoezi anafanya asubuhi mimi ndo namkumbusha. Mkeo anaumia na ukimya wako kuliko hizo dakika.