Naomba ushauri: mita ya LUKU inahesabu vifaa vyote vikiwa vimechomolewa

Wakuu, habari za leo. Nyumba ipo Tegeta. AC ya BTU 12,000 inakula uniti 5 hadi 6 kwa usiku, hiyo naielewa na sina ugomvi nayo. Kinachoniumiza ni hiki: friji limechomolewa, taa na feni zimezimwa, bado taa nyekundu ya mita inamweka mara moja kila sekunde 90. Mita imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani ikimweka mara 1000 ni uniti 1, kwa hiyo ni wati 40 mfululizo, karibu uniti 1 kila siku inayopotea bure.

Nimezima breka moja moja. Ya pampu ya maji ikizimwa, mita inatulia kabisa. Swichi ya pampu ipo kule kwenye tenki, na waya wa kwenda huko, mita 18, umefukiwa bila bomba. Mvua ikinyesha, kumweka kunaongezeka. Nashuku ganda la waya limechubuka na umeme unavuja ardhini. Wati 40 ni kama ampea 0.17, breka ya uvujaji (RCD, inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 ingekata zamani, lakini kwenye boksi haipo.

Naomba mnisaidie: nipime kwanza kwa mega (kifaa cha kupima ganda la waya kama linavujisha umeme), au nifukue moja kwa moja? Waya wa 2.5 mm² wenye kinga ya chuma unatosha pampu ya nusu hosipawa? Na breka hiyo ya uvujaji niiweke ya nyumba nzima au ya pampu peke yake? Kwa sasa breka ya pampu nimeizima, maana watoto wanachota maji pale pale.