Naombeni ushauri: ramani ya kidijitali ya kupanga utalii wa mjini bila kuwachosha wakazi

Mpanga_Njia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Niko kwenye kamati ndogo iliyokabidhiwa kupanga utalii wa eneo kongwe la mji. Wageni wapo tayari. Tatizo ni kwamba wote wanaelekea sehemu moja: uwanja mmoja na kichochoro kimoja cha kupigia picha. Ikifika saa tano asubuhi hapapitiki, na mitaa miwili ya jirani imelala usingizi. Wakazi wa kichochoro wameshaanza kununa, wafanyabiashara wa mitaa iliyolala nao wananung'unika kwa sababu zao.

Wajumbe wenzangu wanataka tutengeneze programu ya simu yenye alama za vivutio vyote, kisha tuitangaze. Mimi moyo unasita, ila sina hoja za kusimama nazo kikaoni. QGIS, ile programu ya kuchora na kuchambua ramani, naijua kwa kuchungulia tu, na bajeti ni ya kuungaunga. Tuanze na zana zipi? Tunajuaje eneo linabeba watu wangapi? Na kuna mtu ameshauri tuombe data za minara ya simu ili tuone watu wanavyozunguka. Inafaa?

Msinirukie, mimi mgeni kwenye haya mambo.

---

Nyundo_ya_Ramani

Karibu mkuu, hapa haturukii mtu, tunasahihisha kwa sauti ya juu tu.

Moyo wako unasita kwa haki. Alama kwenye ramani haimwambii mgeni kitu kilipo na kuishia hapo, inampeleka. Mkiweka alama ishirini na zote zimezunguka ule uwanja, msongamano mtakuwa mmeutengeneza wenyewe. Tazama Barcelona: basi namba 116, linalopita jirani na bustani maarufu ya Park Güell, lilikuwa likijaa wageni hadi wazee wa mtaa wanakosa pa kukaa. Halmashauri ya jiji ikaomba njia hiyo iondolewe kwenye Google Maps, na mwaka 2024 ikawa habari dunia nzima. Basi lilibaki lile lile na mtaa ule ule, kilichobadilika ni ramani.

Kwa hiyo nenda kikaoni na hoja moja: mnahitaji ramani mbili. Ya kwanza ni ya kupangia. Inakaa mezani kwenu na ina kila kitu, pamoja na vyoo vibovu, malalamiko ya wakazi na kona ambayo gari la taka linakwama. Ya pili ni ya mgeni, nayo ni uteuzi tu kutoka ile ya kwanza. Wenzako wanataka kuanzia ya pili, ndiyo maana mnavutana.

---

Bi_Vipimo

Nakazia hapo kwa Nyundo, kisha nije kwenye zana.

Bajeti ya kuungaunga inatosha, maana nitakazotaja zote ni za bure. Anza na OpenStreetMap. Ni ramani ya dunia yenye data huru, mradi ulianzia Uingereza mwaka 2004 na unajazwa na watu wa kujitolea. Ingia Overpass Turbo, tovuti ya kuchuja data hizo, uvute vitu vya eneo lako kwa aina: vivutio, vyoo, maji ya kunywa, mabenchi, ngazi, vituo vya basi. Utakuta mapengo, na hayo mapengo ndiyo kazi yenu ya kwanza. Mara nyingi makumbusho yote yapo ila choo cha umma hakionekani, kwa sababu hakuna aliyeona fahari kukichora.

Mkienda kukusanya wenyewe tumieni KoboToolbox au ODK, zana za kukusanyia data kwa simu, fomu zinajazwa bila intaneti na kutumwa baadaye. Kwa kila ngazi andikeni idadi ya vidato, kama kuna kishikio, na kama mtu wa kiti cha magurudumu ana njia nyingine ya kupita. Halafu muwe macho na GPS ya simu vichochoroni. Penye anga wazi kosa lake ni kama mita tano, lakini kati ya kuta ndefu mawimbi yanagonga ukuta kabla ya kufika kwenye simu, na nukta yako inaweza kuangukia upande wa pili wa mtaa. Usiiamini. Fungua picha ya setilaiti, tambua jengo, sogeza nukta kwa mkono.

Kwenye QGIS kuna mtego unaonasa karibu kila anayeanza. Unataka kuchora ukanda wa mita 400 kuzunguka kila kituo cha basi, yaani kama dakika tano za kutembea. Unaandika 400, unabonyeza, ramani nzima inafunikwa rangi moja. Sababu ni kwamba data yako iko kwenye nyuzi (digrii) za latitudo na longitudo, na programu imeelewa nyuzi 400. Uzi mmoja tu wa latitudo ni kama kilomita 111! Geuza data iwe kwenye UTM ya kanda yenu kwanza, yaani mfumo wa ramani unaopima kwa mita, ndipo upime.

Hata hivyo, duara la mita 400 nalo linadanganya penye mto, reli au ukuta mrefu. OpenRouteService, huduma ya mtandaoni ya kutafuta njia, inakuchorea eneo linalofikika kwa dakika tano kwa kufuata njia zenyewe. Linganisha na duara lako utaona limenyauka upande mmoja. Huko kulikonyauka ndiko mgeni hafiki, hata kama ni karibu kwa macho, na si ajabu ndiko iliko ile mitaa yenu iliyolala.

Onyo la mwisho: msinakili kitu kutoka Google Maps kwenda OpenStreetMap. Leseni hairuhusu, na kilichonakiliwa kitafutwa.

---

Bwana_Faida

Mimi sielewi. Miji mingine inalia haina wageni, nyie mnao mnatafuta jinsi ya kuwapunguza. Wekeni alama zote, watu waje, hela iingie. Wakazi watazoea.

---

Mzee_wa_Mipango

Bwana Faida, hawazoei, wanahama. Kisiwa cha kale cha Venice kilikuwa na wakazi karibu 175,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Sababu ni nyingi, utalii si pekee yake, lakini nyumba inapolipa zaidi kwa mgeni wa siku mbili kuliko kwa familia ya mwaka mzima, mwisho wake unajulikana. Leo wanatoza wageni wa kutwa kiingilio, kilichoanza tarehe 25 Aprili 2024 kwa euro 5, kwa siku walizochagua. Barcelona nayo imetangaza kwamba leseni zake 10,101 za nyumba za kupangishia watalii hazitaongezewa muda zikifika Novemba 2028. Nani anataka kufika huko ndipo aanze kupanga?

Sasa nije kwako, Mpanga Njia. Kuhusu eneo linabeba watu wangapi, kuna hesabu ya zamani ya Miguel Cifuentes, ya mwaka 1992. Aliitoa kwa ajili ya hifadhi za asili ila mijini inasaidia kuanzia. Tuseme uwanja wenu una mita za mraba 2,000 na kila mtu mnampa mita za mraba 4. Hapo wanaenea watu 500 kwa wakati mmoja. Ukiwa wazi kwa muda wa saa 8, na mgeni wa kawaida anakaa kwa saa 2, nafasi moja inatumika mara 4 kwa siku, kwa hiyo jumla ni watu 2,000.

Hiyo ni dari ya kwenye karatasi. Toa eneo lililokaliwa na meza, magari na vibanda. Toa saa za jua kali na siku za mvua. Toa saa ambazo wakazi wenyewe wanautumia uwanja, mathalani watoto wakitoka shule. Namba itashuka sana, na hiyo iliyoshuka ndiyo ya kwenda nayo kikaoni.

Lakini usilale juu ya jumla ya siku. Watu 900 wakishuka pamoja saa tano kamili, uwanja umefurika, hata kama jumla ya kutwa nzima haikufika 1,500. Kwa hiyo ramani yenu ya kupangia lazima iwe na saa. Chagueni sehemu nyembamba kuliko zote za kila njia, mweke mtu na karatasi, ahesabu wanaopita kila robo saa, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Dubrovnik, kule Kroatia, wao wamefunga kamera za kuhesabu watu kwenye malango ya mji mkongwe. Nyie hamhitaji kamera kuanza, mnahitaji vijana wawili wenye subira na kofia.

---

Kufuli_Kuu

Kwenye data za minara ya simu niachieni mimi.

Kwanza haitakusaidia. Mnara mmoja unahudumia eneo kubwa, hauwezi kukuambia mtu alipita kichochoro hiki au kile. Utalipia data usiyoweza kuitumia kwa swali lako.

Pili, msidanganywe na ile kauli ya kwamba "tumeondoa majina". Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipitia mienendo ya watu milioni moja na nusu na kukuta kwamba nukta nne tu za mahali na muda zinatosha kuwatofautisha asilimia 95 yao. Nne! Mathalani nyumbani, kazini na sehemu mbili nyingine. Na hata mkichanganya watu wote pamoja bado mnaweza kuumbuka: ramani ya Strava, programu ya simu ya kurekodi mazoezi, ile inayokolea rangi penye wakimbiaji wengi, ilikuja kugundulika mwanzoni mwa 2018 kwamba inaonyesha kambi za kijeshi.

Mkilazimika kuomba, ombeni jumla kwa saa na kwa eneo, na pale penye watu wachache namba isitolewe kabisa. Njia ya mtu mmoja mmoja msiipokee hata mkipewa bure. Msicho nacho hakiwezi kuvuja mikononi mwenu.

---

Mpanga_Njia

Wakuu, nashukuru sana, nimeshaanza kuandika hoja za kikao. Hiyo ya ramani mbili nimeipenda, na Mzee wa Mipango umenifungua macho na suala la saa.

Bado kitu kimoja kinanisumbua. Wakazi wa kile kichochoro wameomba kisionekane kwenye ramani yoyote. Nimeangalia OpenStreetMap, tayari kipo. Tukifute?

---

Nyundo_ya_Ramani

Mimi ningewasikiliza. Barcelona wamefanya, na hakuna aliyekufa.

---

Bi_Vipimo

Hapana jamani, hapo nakataa. OpenStreetMap si bango lenu la matangazo. Mtaa upo, unabaki kwenye ramani. Gari la wagonjwa linaweza kuwa linaelekezwa kwa data hiyo hiyo, na fundi anayeitwa usiku hajui njia za wenyeji. Mkikifuta, mchangiaji mwingine atakirudisha, na hapo atakuwa sahihi. Hata hilo basi la Barcelona lina upande wa pili: mkazi mpya au muuguzi anayekwenda kumhudumia mzee naye halioni kwenye simu yake.

Kinachowezekana ni hiki. Kama kichochoro ni mali binafsi kweli, kiwekewe lebo ya kwamba kupita ni kwa ruhusa. Kama ni njia ya umma kibaki kilivyo, ila kwenye ramani yenu ya mgeni msikiwekee alama, picha wala jina la kuvutia, na njia ya matembezi mnayoipendekeza ipite kwingine. Mgeni anafuata mstari uliokolezwa. Mstari ukipita mtaa wa pili wenye kivuli, benchi na choo, wengi watapita huko bila kukatazwa na mtu.

---

Nyundo_ya_Ramani

Sawa, kwa hilo la gari la wagonjwa umenishinda. Lakini nabaki na langu: kabla mstari haujahamia mtaa wa pili, wa mtaa wa pili waulizwe. Msije mkahamisha kero mkaiita mpango. Chapisheni ramani kubwa ya karatasi, muiweke mezani, kila mkazi abandike karatasi nyekundu pale asipotaka kundi lisimame na ya kijani pale anapokaribisha. Kisha hizo rangi ziingizwe QGIS kama tabaka mojawapo, pamoja na zile hesabu za robo saa. Pale penye nyekundu nyingi, hata kama hesabu ya Cifuentes inasema pana nafasi, pasiwekwe alama.

---

Bwana_Faida

Na wenye biashara je? Nao wabandike?

---

Nyundo_ya_Ramani

Wabandike, ila rangi tofauti, ili kikaoni ionekane nani amesema nini.

---

Taa_ya_Stendi

Nimechelewa kuuona uzi. Mbona hakuna aliyegusa mabasi ya watalii? Kwetu sisi tunaopanga maegesho ndiyo chanzo cha kila kitu. Basi moja linashusha watu 50 kwa mpigo. Mabasi manne yakifika pamoja mlango mmoja, watu 200 wanaingia njia moja, na hakuna rangi ya ramani itakayowasaidia.

---

Mzee_wa_Mipango

Umesema kweli, na ningepaswa kuanzia hapo. Mpanga Njia, weka kwenye ramani ya kupangia kila sehemu ambayo basi linaweza kushusha watu, pamoja na upana wa barabara na nafasi ya kugeuzia. Kisha chora dakika kumi za kutembea kutoka kila sehemu kwa ile OpenRouteService. Mnatafuta sehemu mbili au tatu zinazoingiza watu kutoka pande tofauti, mojawapo iangukie kwenye ile mitaa iliyolala. Salzburg, kule Austria, wameweka utaratibu wa kila basi kukata muda wake wa kushusha abiria kabla halijafika. Nyie anzeni hata na daftari la pamoja la mtandaoni ambalo kampuni za mabasi zinaandika saa zao, halafu linganisheni na zile hesabu za saa tano asubuhi.