Bili ya umeme ya Mama Salim imekesha na ukoo mzima

Mama Salim: Assalaam alaykum familia. Jamani bili ya Januari imeingia, ilibidi nikae kwanza. Dola 400. Mwaka jana mwezi huuhuu nililipa 197, nyumba ileile, bei ya yuniti ileile senti 14, na sisi ni walewale tu ukimtoa mama aliyekuja Desemba

Baba Nuru: Waalaykum salaam. Dola 400?? Hiyo kwa huku si kama milioni moja! Ya umeme tu?

Mama Salim: Umeme tu kaka. Huku Raleigh, North Carolina, Marekani baridi si ya kufa kama kaskazini lakini usiku maji yanaganda, na nyumba yetu haina gesi, kila kitu umeme, joto umeme maji moto umeme jiko umeme

Shangazi Pongwe: Pole mwanangu. Watu wa umeme umewauliza? Isije ikawa mita mbovu

Mama Salim: Nimewapigia shangazi, wamesema mita nzima na yuniti zote nimezitumia mimi

Baba Nuru: Mi nahisi ni maji moto, nyumba ikiongezeka mtu maji yanaongezeka

Bi Mkubwa: Mimi naoga maji moto asubuhi na jioni. Kama ni mimi semeni tu wanangu nitakuwa naoga mara moja, sitaki kumtia mtoto kwenye madeni

Mama Salim: Mama hapana!! utaoga mara unazotaka

Fundi: Ndio naamka. Mama usipunguze kuoga, ngoja nipige hesabu. Tuseme ndoo tatu za lita 20, maji kutoka digrii 10 mpaka 40, hiyo ni yuniti mbili na kidogo. Mara mbili kwa siku haifiki hata tano. Mama Salim achana na dola, niambie yuniti, mwaka jana ngapi mwaka huu ngapi

Mama Salim: Shikamoo kaka. Mwaka huu 2,860. Mwaka jana 1,410

Fundi: Marahaba. Umeona sasa, hapo kuna yuniti 1,450 hazina mwenyewe, kila siku 47. Na kwa jumla unakula 92 kwa siku, wakati huku Tanga mtu wa bei ya chini ya LUKU anatakiwa asivuke 75 kwa MWEZI. Hii sio taa wala chaja wala friji, hiki ni kitu kikubwa chenye waya mnene. Saa hizi huko saa ngapi

Mama Salim: Saa tatu kasoro usiku

Fundi: Huku kumi na moja kasoro alfajiri, twende kazi. Toka nje soma mita, iandike. Baada ya saa moja kamili soma tena. Usizime kitu chochote, kaeni kama mnavyokaa siku zote

Mama Salim: 48,213

Mama Salim: Saa nne hii. 48,221. Nane!

Baba Nuru: Saa moja yuniti nane na watu wanaangalia tivii tu?

Fundi: Vizuri. Sasa nenda kwenye boksi la breka, usifungue mfuniko wa ndani, we bonyeza swichi tu na mikono iwe mikavu. Huko vitu vikubwa vinatumia volti 240 kwa hiyo breka zake ni mbilimbili zimeungana. Nisomee zile kubwa zimeandikwaje

Mama Salim: Jiko 50, maji moto 30, ya kukaushia nguo 30, kuna ya 60 imeandikwa hita ya ndani na nyingine 30 imeandikwa ya nje

Fundi: Zima maji moto peke yake. Saa moja tena

Shangazi Pongwe: Mvae makoti mkitoka nje

Mama Salim: Saa tano, 48,228. Saba

Fundi: Basi mama yetu tumemtoa, maji moto sio. Washa breka yake. Sasa pale ukutani pa kuwekea joto zima kabisa, jifunikeni mablanketi saa moja tu

Mama Salim: Saa sita. 48,229. MOJA

Mama Salim: Ni joto kaka. Lakini joto nililiweka palepale pa siku zote sijaongeza, 70 ya kwao yaani kama 21 ya huko

Fundi: Washa joto halafu niambie, lile boksi la nje lenye feni linazunguka?

Mama Salim: Nimeenda na tochi. Kimya. Na juu ya wavu wa feni kuna majani makavu yamejilalia

Fundi: Haya. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta toka zile yuniti nane za mwanzo. Feni ikifanya kazi inapuliza juu, majani yasingekaa hata dakika. Hilo boksi halijawaka siku nyingi. Sasa ndani ya nyumba joto linatoka wapi? Nipigie picha pale ukutani

Mama Salim: [picha]

Fundi: Pameandikwa EM HEAT, yaani emergency heat, joto la dharura. Nani kabonyeza hapo

Salim: Mjomba shikamoo ni mimi 😔 Bibi aliona moshi unatoka kwa ile mashine ya nje asubuhi akaniita, tukaogopa itawaka moto, mama alikuwa kazini. Nikaona kuna emergency nikajua ndio ya dharura nikaweka

Bi Mkubwa: Ni kweli. Ilikuwa wiki yangu ya pili hapa. Nilikuwa dirishani nasoma uradi, mara feni ikasimama likatoka moshi mweupe mwingi, nikasema nyumba ya mwanangu inaungua. Nilimwambia mjukuu izime. Na baada ya hapo hewa ikawa inatoka ya moto kweli, kabla ilikuwa kama haina nguvu, nikaona ndio imepona

Mama Salim: Mama mbona hukuniambia

Bi Mkubwa: Ulikuwa unarudi umechoka. Na ilishatulia

Fundi: Mama umefanya alichotakiwa kufanya kila mtu anayeona moshi, na Salim naye kachagua kwa akili maana imeandikwa dharura. Sikilizeni niwaeleze hii kitu maana mi kazi yangu ya kila siku ni AC, na hii ni hiyo hiyo, imegeuzwa tu. AC haitengenezi baridi, inachota joto la ndani na kulimwaga nje ndio maana boksi la nje linapuliza hewa ya moto. Hiyo yenu wakati wa baridi inazungusha kinyume gesi iliyofungiwa kwenye mabomba yake, inachota joto la nje, maana hata nje pakiwa na digrii tatu joto lipo, inalileta ndani. Kwa yuniti moja ya umeme inakuletea joto la yuniti mbili na nusu mpaka tatu. Sasa kwa kuchota joto koili ya nje inapata barafu, kila baada ya muda mashine inajigeuza yenyewe dakika chache kuiyeyusha, feni inasimama na mvuke unatoka mwingi. Mama aliona mvuke. Kwa mtu wa Tanga ni moshi kabisa, hata mimi ningekimbia

Fundi: Na EM HEAT inalizima boksi la nje moja kwa moja halafu inawasha hita za waya zilizoko ndani, breka yake ndio ile ya 60, hapo mara nyingi ni wati 10,000, yaani pasi kumi za wati elfu moja zimewaka kwa mpigo. Hizo yuniti moja inatoa joto la yuniti moja basi. Ndio maana hewa ilikuwa ya moto zaidi mama, ile ya kawaida inatoka vuguvugu karibu na joto la mwili kwa hiyo mkono unaona kama baridi, lakini nyumba inapata joto lilelile

Baba Nuru: Kwa hiyo nyumba haikupata joto la ziada ila wamelilipia mara mbili na nusu

Fundi: Ndio. Toa majani, rudisha HEAT, isikilize kompresa ya boksi la nje ikiwaka. Na msiwe mnaishusha usiku sana halafu asubuhi mnaipandisha kwa mkupuo, ikiona pengo kubwa inaziita zilezile hita za waya kusaidia. Iacheni 69 au 70 muda wote

Mama Salim: Imewaka. Feni inazunguka. Kaka Mungu akulipe, umetengeneza mashine ya Carolina ukiwa Chumbageni Tanga

Shangazi Pongwe: Alhamdulillah. Dada usihuzunike

Mama Salim: Update ya leo. Saa tatu mpaka saa nne usiku yuniti TATU, na nimepika na tivii iko hewani. Bado nitalipa ile 400 kwa awamu mbili wamekubali. Mama nimemnunulia soksi nzito na blanketi la kochi akae nalo dirishani, maana hewa ya vuguvugu hajaizoea

Bi Mkubwa: Leo asubuhi umetoka tena ule mvuke. Nimemwita Salim tukakaa kuutazama na saa mkononi. Dakika sita, feni ikarudi kuzunguka