The Sims 4 inanichosha haraka, mnafanyaje ili hamu isikatike?

Nkuhungu_Gemu:
Wakuu, habari za humu. Nipo Dodoma mjini, nacheza The Sims 4 ya msingi, gemu ya kompyuta ya kuongoza maisha ya watu wa kubuni, ile iliyofanywa ya bure tangu Oktoba 2022, sina nyongeza (vifurushi vya kulipia) hata moja. Mwendo ni ule ule: natengeneza mtu, naandika motherlode, ile kodi ya kujipa pesa za bure, mara tano, najenga ghorofa, anapata kazi, anapanda cheo, hamu inakwisha. Naanzisha mwingine, tena hivyo hivyo. Nyongeza ni ghali, na bando la kuzipakua ndiyo usiseme. Kwa hiki kilichopo nifanyeje? Halafu natumia kompyuta ya mezani, umeme ukikatika nalindaje sevu, yaani mchezo niliouhifadhi?

Zabibu_Kavu:
Mkuu, mchawi ni hiyo motherlode. Mtu mmoja huanza na simoleoni (pesa za gemu) 20,000, na kila ukiandika unamwongezea 50,000. Ukiwa na robo milioni, mshahara unakuwa mapambo, bili haiumi, hata tofauti ya kitanda cha bei rahisi na cha ghali huijui.

Anza na mtu mmoja. Mpeleke Newcrest, mji mmojawapo wa gemu, kule viwanja vyote ni vitupu, mnunulie kidogo kabisa. Akishahamia bonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, andika money 0. Hapo hana jiko, hana choo. Kuoga aende jimu ya umma, choo kipo bustanini, kusoma na kutumia kompyuta aende maktaba. Usingizi ataokoteza kwenye benchi, na hautamtosha, kwa hiyo kitu cha kwanza kununua kiwe kitanda, hata kama hakina paa. Pesa zinatoka kwenye kuvua samaki, kuchimba mawe, kukamata vyura na kuchuma mimea ya porini. Chura wawili tofauti ukiwazalisha unaweza kupata wa aina adimu, anauzwa bei nzuri zaidi.

Sasa angalia, kuna mianya miwili itakayokurudisha kwenye utajiri kabla ya wakati. Wa kwanza ni uchoraji: ubao mmoja wa kuchorea ukishapanda ujuzi unalipa kuliko kazi nyingi za ajira. Piga marufuku ubao mpaka nyumba iwe na kuta nne. Wa pili ni bustani. Ukipandikiza stroberi na ua la snapdragon unapata dragonfruit, na ukiwa na safu ndefu za hiyo umeshatajirika. Jiwekee kikomo, mimea minane inatosha.

Na zile pointi za kuridhika anazopata mtu wako akitimiza matakwa yake, usinunulie tabia zinazoondoa njaa au usingizi. Mtu asiyechoka wala kuona njaa utamfanyia nini?

Mama_Chang'ombe:
Nakubaliana na Zabibu, ila umaskini nao una mwisho. Akishajenga utarudi palepale. Kinachodumu ni ukoo. Cheza vizazi 10, kila kizazi mrithi mmoja, na sheria moja ngumu: kazi wala ndoto ya maisha isirudiwe. Mrithi mpate kwa kurusha dadu, usichague mzuri wa sura. Ukichagua mwenyewe utazalisha mtu yule yule mara kumi.

Urefu wa maisha weka wa kawaida. Ule mrefu ni takriban mara nne yake, na ndio unaowachosha wengi: ujuzi mwingi unafika ngazi ya 10 na mtu bado kijana. Dawa ya kurudisha ujana msiiguse.

Makole_Usiku:
Kwangu sheria nyingi zinageuza gemu kuwa mtihani. Shida kubwa ya mwuliza swali ni kumshikia mtu kila hatua. Nenda Game Options, weka Autonomy (uhuru wa mtu kujiamulia) iwe kamili, halafu jizuie kufuta anachoamua. Ataongea na asiyemtaka, vyombo vitachafuka, ugomvi utakuja wenyewe.

Tengeneza familia tatu badala ya moja, uzungukie kila moja wiki moja ya mchezo. Auto Age (kuzeeka kwenyewe) ya watu unaowachezea iweke kwa familia iliyo mkononi tu. Usipofanya hivyo utarudi kwa familia ya kwanza ukute baba ni mzee na watoto wamekua bila wewe.

Kuhusu umeme: siku moja ya mchezo kwa mwendo wa kawaida ni dakika 24. Sevu kila ikifika asubuhi, na kila wiki ya mchezo tumia Save As kwa jina jipya. Sevu ikiharibika, kwenye orodha ya kufungua gemu kuna Recover Save. Matoleo ya nyuma yapo kwenye folda ya saves, yanaishia na .ver0 hadi .ver4, na .ver0 ndilo la karibuni zaidi.

Nkuhungu_Gemu:
Shukrani wakuu. Modi je, zile faili za wachezaji wengine za kubadilisha gemu, zinasaidia?

Makole_Usiku:
Zinasaidia, ila anza na moja tu. Faili za modi zinazoishia na .ts4script zisizame zaidi ya folda moja ndani ya Mods, zikizama hazisomwi. Kila gemu ikipata toleo jipya modi huzimwa zenyewe. Usiziwashe mpaka mtengenezaji aseme ameshaisahihisha yake. Ukiona menyu zimepotea au watu wamesimama tu, toa folda nzima ya Mods, futa localthumbcache.package, washa tena. Ikitulia, rudisha nusu nusu mpaka umpate mkorofi.