Naomba ushauri: nimeharibu laptop ya kazini, wanataka nisaini nikatwe mshahara

Habari zenu wakuu. Juzi nikiwa naandaa ripoti, nikageuka kupokea simu ya ofisini, kiwiko kikagonga glasi. Maji yote yakaingia kwenye kibodi ya laptop ya kampuni. Niliizima haraka, nikachomoa chaja, nikaigeuza kifudifudi na kumwita fundi palepale. Sikuficha kitu. Lakini wapi, haiwaki tena.

Sasa bosi amenipa karatasi nisaini kwamba nakubali kukatwa bei ya laptop mpya, ilhali hiyo iliyokufa ina miaka 4 na betri yake ilikuwa haimalizi hata saa moja. Hapo ndipo roho inaponiuma. Nilipe kipya kwa kitu kilichochakaa?

Nimepekua mkataba wangu. Unasema mfanyakazi atawajibika kwa hasara itokanayo na uzembe, basi, uzembe wenyewe haujafafanuliwa. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayokataza maji mezani na wote tunaweka, bosi akiwemo (yeye ana chupa mbili). Je, ajali kama hii nayo inahesabika uzembe?

Bado sijasaini. Nimeomba kwa maandishi ripoti ya fundi, na waniambie kama vifaa vina bima. Kimya. Ila afisa utumishi ananikumbusha saini kila asubuhi.

Mliopitia haya, nikatae kabisa au nijitolee kulipia matengenezo tu, kwa awamu? Na nikikataa, wanaweza kunikata bila saini yangu?