Nataka kufuma blanketi lenye picha ya Uhura wa Star Trek, nianzie wapi?

binti_nyuzi
Habarini wadau, naombeni msaada. Nafuma vitambaa vya kochi na sweta za watoto mwaka wa sita sasa ila blanketi la picha sijawahi. Marehemu baba alikuwa anaipenda sana Star Trek, ile tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga, ile ya zamani kabisa iliyoanza 1966, alikuwa na kanda zake za video na sisi tumekua tunaangalia naye jumapili usiku, na kila akitokea yule dada wa mawasiliano mwenye gauni jekundu baba anasimamisha kanda anatuambia jina la huyu limetoka kwetu, Uhura ni kutokana na uhuru, na mimi ukubwani ndo nikaja kujua jina lake la kwanza ni Nyota, yaani Nyota Uhura, mpaka leo nikilisikia nasisimka. Sasa nataka kumfumia mama blanketi la kitanda, Uhura awe katikati, nyuma anga jeusi lenye nyota na ile meli yao imeandikwa NCC-1701. Nimechora kwenye daftari la hesabu, vyumba 80 upana na 100 kimo. Nikajaribu kipande cha uso kwa singo kroshe, uso umetoka mfupi, umebonyea, na uzi mweupe unachungulia kwenye weusi. Nakosea wapi? Na uzi ninunue kiasi gani nisije nikaishiwa katikati?

fundi_kroshe
Pole kwa kumpoteza mzee. Hujakosea dada, ni singo yenyewe, tundu lake huwa pana kuliko kimo, na daftari lako lina vyumba vya mraba, so lazima picha ibonyee. Achana na singo, fuma kona kwa kona. Unaanza pembeni na kiboksi kimoja, mstari wa pili viboksi viwili, wa tatu vitatu, kila kiboksi ni cheni 3 na dabo kroshe 3, yaani yale matundu marefu kuliko singo, kinatoka karibu mraba kabisa kwa hivyo chumba kimoja cha daftari ni kiboksi kimoja. Ukifika viboksi 80 unaanza kupunguza upande mmoja huku ule mwingine unaendelea kuongeza mpaka mstari wa 100, halafu unapunguza pande zote. Kwa mchoro wako ni mistari 179 ya kukata kona. Piga tiki kila mstari ukiisha maana unausoma kwa mshazari, mmoja unapanda unaofuata unashuka, ukisahau uko wapi utafumua sana, mimi nishawahi kufumua wiki nzima ya kazi.

Na chunga hii kitu ya majina. Dabo ya Wamarekani ndiyo trebo ya Waingereza, na singo ya Marekani Waingereza wanaiita dabo. Angalia video yako ni ya nani kabla hujaanza, mi nazungumzia dabo ya Marekani.

Huo weupe unachungulia kwa sababu unaubeba ndani ya weusi. Usiubebe. Kila eneo la rangi lipe kidonge chake kidogo, mimi huzungushia uzi kwenye vibanio vya nguo, ukimaliza eneo unakiacha kining'inie nyuma unachukua kingine.

mama_wa_wawili
Kuhusu uzi, fuma viboksi 20, fumua, pima huo uzi kwa futi, zidisha. Mimi na sindano ya milimita 5 kiboksi kimoja kinakula kama sentimita 80, na wewe una viboksi 8,000, hiyo ni mita 6,400. Soma kwenye karatasi ya donge lako lina mita ngapi ndo ugawanye. Weusi ndo utakula sana, ununue wote siku moja na uangalie namba ya loti, yaani ya mkupuo wa rangi, iwe ile ile kwenye kila donge, weusi wa loti mbili dukani unaona sawa ila ukitandika kitandani mchana unaona mstari.

Nyota usizifume. Kila nyota ni ncha mbili za uzi za kuficha, nyota 60 ni ncha 120, mikono itakuuma. Maliza anga lote jeusi halafu uzishone juu na sindano ya mkono. NCC-1701 nayo ni hivyo hivyo, ni alama 8, kila moja inataka viboksi 5 na nafasi, hapo umeshatumia 47 katika 80, meli yote itakuwa maandishi. Na kama uso unakusumbua mfume kivuli tu, mtu mweusi mbele ya anga la bluu, ni rahisi na inapendeza.

msafiri_wa_anga
Nakubaliana na yote hapo juu isipokuwa kivuli. Tafadhali usimfume kivuli. Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na mwenyewe alisimulia kwamba aliyemwomba abaki ni Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi Marekani, kwa sababu watu walikuwa wanamuona mwanamke mweusi kwenye chumba cha usukani cha meli ya kesho, na uso wake ndo ulikuwa ujumbe. Mae Jemison, mwanaanga wa Marekani aliyeenda angani 1992, amesema alikua akimtazama Uhura. Na Kiswahili amekizungumza humo ndani, tangu kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, halafu 1967 kuna kile anachofutwa kumbukumbu, wakiwa wanamfundisha kusoma upya Kiswahili kinamtoka chenyewe.

Kwa hiyo uso uonekane. Chukua kahawia tatu, iliyokoza kwa chini ya taya na shingoni, ya kati, na ya mwanga kwa paji, pua na mfupa wa shavu. Mi niliwahi kupitisha picha ya bibi yangu kwenye programu ya kugeuza picha kuwa vyumba ikamjaza kijivu usoni, nikakaa nikarekebisha chumba kimoja kimoja kwa mkono, na wewe fanya hivyo. Ukiwa dukani piga madonge picha ya simu isiyo na rangi, kama kahawia mbili zinafanana hapo basi na kwenye blanketi zitafanana, badilisha moja. Na usisahau kile kifaa cha fedha sikioni, viboksi 6 vya kijivu vinatosha, mtu akikiona tu anajua ni yeye.

leso_na_pindo
Mie naona ulipange kama leso, nyinyi huko mwaiita kanga. Pindo viboksi 6 kila upande, mji, yaani pale katikati, ndo Uhura na meli yake, na chini jina, yaani msemo. Ukitoa pindo wabaki na 68 upana. Jina zima la NYOTA NJEMA HUONEKANA ASUBUHI halienei, lakini NYOTA NJEMA peke yake ni herufi 10 na nafasi moja, viboksi 65, yaingia sawasawa. Msemo uliobaki watu wanaujua.

binti_nyuzi
Jamani nimesoma mpaka machozi, asanteni mno. Huyo wa leso hujui ulichonifanyia, baba alikuwa akituamsha kwenda shule anasimama mlangoni anaisema hiyo hiyo, nyota njema huonekana asubuhi, kila siku mpaka namaliza la saba. Mama akikuta NYOTA NJEMA hapo chini iliyobaki ataimalizia mwenyewe. Kivuli hapana, namfuma na uso wake. Leo nimejaribu viboksi 20 vya kona kwa kona, nimefumua, kwangu ni sentimita 74 kila kimoja, nafuma kwa kukaza kidogo. Jumamosi naenda mjini na simu yangu kupiga picha kahawia, na weusi nabeba wote siku hiyo hiyo.